Downsview: Uwanja wa watu 50,000 umesimama, ukumbi wa mtaa bado wasubiriwa

Katika kitongoji cha Downsview, kaskazini-magharibi mwa jiji la Toronto nchini Kanada, imedhihirika kuwa jukwaa linaweza kusimamishwa upesi sana pale fedha na nia vinapokutana. Uwanja wa wazi uitwao Rogers Stadium, wenye uwezo wa kupokea watu 50,000, ulitangazwa mwaka 2024 na kufunguliwa tarehe 29 Juni mwaka 2025 kwa tamasha la kundi la Stray Kids kutoka Korea Kusini. Kabla kiangazi hicho hakijamalizika, Coldplay walikuwa wamekwisha kutumbuiza hapo usiku nne, na Oasis usiku mbili.

Upande wa magharibi wa eneo hilohilo, kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, kuna jukwaa jingine ambalo wakazi wamelisubiri kwa miaka mingi. Ni kituo cha jamii chenye ukumbi wa sanaa, kilichoahidiwa kujengwa kando ya karakana ya treni mpya ya mjini. Karakana imekamilika, na treni yenyewe ilianza kubeba abiria tarehe 7 Desemba mwaka 2025. Siku hiyo ukumbi ulikuwa bado haujajengwa.

Tofauti ya majukwaa hayo mawili inasaidia kueleza kwa nini sanaa ya maonyesho katika sehemu hii ya Toronto ina sura iliyo nayo: michezo ya mwigizaji mmoja, madarasa ya jioni, na mazoezi katika vyumba vya kuazima.

Kiwanja cha ndege

Jina la Downsview halijapata kuhusishwa na tamthilia. Kwa muda mrefu lilihusishwa na ndege. Kampuni ya de Havilland ilianzisha kiwanda chake hapo mwaka 1929, na baada ya Vita Vikuu vya Pili jeshi la anga likaweka kambi iliyodumu hadi mwaka 1996. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda amesafiri na kitu kilichotoka Downsview bila kujua: ndege za Dash 8 Q400, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilizipokea mwaka 2016, ziliundwa huko. Nyingine ya aina hiyo ndiyo iliyozua mjadala mkubwa mwaka 2017 ilipozuiliwa Kanada kwa ajili ya deni.

Mikusanyiko mikubwa pia si jambo geni hapo. Julai mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa ya Siku ya Vijana Duniani mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 800,000. Mwaka uliofuata, jiji lilipokuwa likijitahidi kurudisha wageni baada ya ugonjwa wa SARS, Rolling Stones walitumbuiza katika uwanja huohuo mbele ya mamia ya maelfu.

Umati wa namna hiyo huja na kuondoka. Mwaka 2018 kampuni ya Bombardier iliuza ardhi yake kwa mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na mwaka 2024 barabara ya kurukia ndege, yenye urefu wa takriban kilomita mbili, ikafungwa. Kampuni ya Northcrest, iliyokabidhiwa kazi ya kuendeleza eneo hilo, inakusudia kujenga mji mpya utakaochukua miongo kadhaa kukamilika na utakaopokea makumi ya maelfu ya wakazi. Rogers Stadium yenyewe imewekwa kwa muda tu, kwa kipindi cha miaka michache, hadi hapo zamu ya nyumba itakapofika. Kwa maneno mengine, hata jukwaa hilo kubwa ni mpangaji.

Mtu mmoja, taa moja

Kinachoonekana kidogo zaidi ni sanaa inayofanyika katika maeneo yanayozunguka kiwanja hicho. Chuo Kikuu cha York, kilichohamishia shughuli zake kuu barabara ya Keele katikati ya miaka ya 1960, kina idara ya tamthilia na kumbi zake za maonyesho. Miongoni mwa waliosomea uigizaji hapo ni Ins Choi, mwana wa wahamiaji kutoka Korea, ambaye mchezo wake Kim's Convenience ulioneshwa katika tamasha la Toronto Fringe mwaka 2011. Mwaka uliofuata ulichukuliwa na kundi la Soulpepper, ukiongozwa na Weyni Mengesha, mwongozaji mwenye asili ya Ethiopia, kisha ukageuzwa kuwa mfululizo wa televisheni uliodumu kuanzia mwaka 2016 hadi 2021. Choi huyohuyo aliwahi kutunga na kuigiza peke yake mchezo wa Subway Stations of the Cross.

Si yeye peke yake aliyelazimika, au aliyechagua, kusimama jukwaani bila mwenzake. Mwaka 1987 Djanet Sears alionesha mjini Toronto mchezo wake Afrika Solo, unaomhusu msichana mweusi aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Kanada, ambaye anasafiri barani Afrika akitafuta asili yake. Ulipochapishwa mwaka 1990 ulihesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Kanada kutolewa kitabuni. Baadaye d'bi.young anitafrika, mzaliwa wa Jamaica, akaja na blood.claat, ambamo mwigizaji mmoja anabeba vizazi kadhaa vya wanawake mwilini mwake.

Na ugonjwa wa corona ulipofunga kumbi zote mwaka 2020, ni umbo hilohilo lililookoa jahazi. Kundi la Obsidian, lililoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya tamthilia za watu weusi, lilikuwa limempata kiongozi mpya, Mumbi Tindyebwa Otu, aliyelelewa Kenya kabla ya kufika Kanada. Februari mwaka 2021, likitimiza miaka 21, kundi hilo kwa ushirikiano na shirika la utangazaji la CBC lilitoa michezo mifupi 21 ya mtu mmoja mmoja: waandishi 21, waongozaji 21, waigizaji 21, kila mmoja peke yake mbele ya kamera. Pale ambapo sheria za afya zilikataza waigizaji kukaribiana, fanani mmoja aliweza kuendelea na kazi.

Kwa msomaji wa Kiswahili umbo hili si la kigeni. Mtambaji wa ngano amekuwa akifanya kazi hiyo tangu zamani. Ndiye simba, ndiye sungura, ndiye mfalme, na hahitaji pazia. Hata hivyo mtambaji hakuwahi kuwa peke yake kwa kweli. Akisema "paukwa", wapo wa kumjibu "pakawa". Hadhira hiyo, inayojua wajibu wake, ndiyo inayokosekana mwigizaji anapokodi ukumbi wa katikati ya jiji kwa usiku mmoja na kuwauzia tiketi watu wasiomjua.

Faida ya mchezo wa mtu mmoja ni ya wazi. Gharama ni ndogo, mazoezi yanaweza kufanyika sebuleni, na vifaa vyote hutoshea ndani ya begi. Lakini ipo hasara isiyosemwa sana. Mchezo wa mtu mmoja unaajiri mtu mmoja. Kijana ambaye angejifunza kushona mavazi ya jukwaani, kupanga taa au kusimamia mlango hapati nafasi. Na mwigizaji mwenyewe hajifunzi lile lililo gumu kuliko yote katika kazi hiyo, yaani kumsikiliza mwenzake anapozungumza. Umbo hili likipendwa kwa ubora wake, ni jambo la kufurahiwa. Likichaguliwa kwa sababu tu chumba kikubwa hakipatikani, hiyo ni dalili ya upungufu.

Nani ana ufunguo?

Makutano ya Jane na Finch, ambayo kwa hesabu za posta yamo katika Downsview, ni mojawapo ya sehemu za Toronto zenye mchanganyiko mkubwa wa wahamiaji: watu wa visiwa vya Karibi, Waghana, Wasomali, Wavietnamu, watu wa Amerika ya Kusini na wengineo. Magazeti ya jiji yamezoea kuitaja kwa habari za bunduki. Vijana wa eneo hilo walijibu kwa njia yao katika miaka ya 2000, pale kundi la Nomanzland lilipoanza kubuni michezo kutokana na maisha ya hapo, ukiwamo uhusiano wao na polisi, na kuionesha popote palipopatikana nafasi.

Maktaba ya York Woods, iliyopo barabara ya Finch, ina ukumbi mdogo wa maonyesho ndani yake, na kwa familia nyingi huo ndio ukumbi wa kwanza wanaoingia maishani. Vituo vya jamii navyo vina vyumba. Lakini chumba cha kuazima kina masharti yake. Saa zikifika lazima kila kitu kiondolewe. Mapambo ya jukwaa hayawezi kuachwa hadi kesho. Na panapotokea kikao cha shughuli nyingine, darasa la uigizaji ndilo linaloahirishwa kwanza.

Madarasa hayo yana uzito kuliko jina lake linavyoonesha. Mtoto aliyewasili Kanada juzi hufundishwa kupumua, kusimama, kutoa sauti na kutazamwa bila haya. Lugha ambayo shuleni inamfunga ulimi, jukwaani anaijaribu akiwa mtu mwingine, na kosa linakuwa la mhusika, si lake. Mzazi anayemsubiri mlangoni mara nyingi ndiye mtazamaji wa kwanza wa mchezo utakaotoka humo. Mahali pasipo na madarasa ya kudumu, hadhira haijengeki, na mwigizaji wa peke yake hubaki akitafuta watu katika mitaa ya wengine.

Afrika Mashariki inayo mifano ya pande zote mbili. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, lakini chuo kilikuwa na ardhi yake, walimu wake na wanafunzi wake. Mafunzo yaliendelea na ukumbi mpya ukajengwa. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000 na mwaka 1977 wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Mchezo uliporudi Kenya mwaka 2022, ulioneshwa Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa. Ulikuwa umepona, lakini kijiji kilikuwa kimepoteza uwanja wake.

Toronto si Limuru, na hakuna aliyebomoa kitu Jane na Finch. Huko mvutano umepita njia za kiofisi, zenye barua na vikao.

Ahadi iliyotaka kuyeyuka

Shirika la usafiri la serikali ya jimbo la Ontario, Metrolinx, lilipochagua sehemu ya kujenga karakana ya treni za Finch, wakazi walilalamika kuwa kipande kikubwa cha ardhi katikati ya mtaa wao kinageuzwa kuwa maegesho ya mabehewa. Maelewano yaliyofikiwa yalikuwa kwamba ukanda wa ardhi ulio mbele ya karakana, upande wa barabara, ungeachwa kwa ajili ya kituo cha jamii na sanaa. Wakazi waliunda kamati, wakakutana, wakachora ramani za vyumba walivyovihitaji.

Mwaka 2020, katikati ya janga la corona, zikatoka habari kwamba shirika hilo linakusudia kuiuza ardhi hiyo kwa bei ya soko. Kwa kamati ya watu wa kipato cha chini, bei ya soko la ardhi mjini Toronto ilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Kelele zilizofuata, kutoka mitaani hadi katika halmashauri ya jiji na bunge la jimbo, zililifanya shirika libadili msimamo na kukubali ardhi hiyo itolewe kupitia jiji kwa manufaa ya jamii.

Ushindi huo haukuwa mdogo. Lakini ardhi si jengo. Gharama za ujenzi Toronto zimepanda sana tangu wakati huo, na fedha za kituo cha namna hiyo hutegemea serikali ya jiji, ya jimbo na ya shirikisho kukubaliana, jambo lisilotokea mara kwa mara. Wakati huohuo wawekezaji wanayaangalia makutano hayo kwa jicho jingine kwa sababu ya treni. Maduka makubwa ya zamani yamewekewa mipango ya maghorofa. Hofu inayotajwa na wakazi ni kwamba kodi za nyumba zitapanda kabla ukumbi haujasimama, na watoto ambao ukumbi uliombwa kwa ajili yao watakuwa wamehamia miji ya mbali zaidi.

Upo pia uwezekano mwingine. Kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, mabanda makubwa ambamo ndege ziliundwa yapo katika mipango ya kutumika upya, na waendelezaji wanazungumzia utamaduni kama sehemu ya mji wao mpya. Bandari ya ndege inayogeuzwa ukumbi si jambo lisilowezekana. Paa lake ni refu na sakafu yake ni imara. Swali ni nani atapewa saa za jioni za katikati ya wiki, ambazo wasanii wakubwa hawazihitaji lakini ambazo ndizo saa za darasa.

Kwa sasa treni inasimama kwenye kituo cha Jane na Finch, kisha inaendelea kuelekea magharibi ikipita mbele ya karakana. Ukanda wa ardhi uliopiganiwa uko upande wa barabara.