Wajibu Hauishii Kwenye Mshono

Kutoka Ubundu hadi Kisangani ni kilomita 125 za reli. Mto hausaidii, kwa sababu kati ya miji hiyo miwili maji ya Lualaba yanashuka maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna chombo cha abiria kinachopita hapo. Wabelgiji walitaka mizigo yao ipite, wakajenga reli, ikafika Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, mwaka 1906. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mama aliye katika siku ya pili ya uchungu, mtoto amekwama, hana uhakika wa njia hiyo hiyo. Treni huja mara chache na haina siku. Mama hubebwa kwa machela hadi njiani, hupakiwa kwenye pikipiki akiwa amebanwa kati ya dereva na dada yake, au hukalishwa kwenye baiskeli inayosukumwa. Akifika mwisho wa reli yuko Lubunga, ukingo wa kushoto, na Kisangani haina daraja la kuvuka mto huu. Hospitali kubwa za jiji ziko ng'ambo, na mto bado haujavukwa.

Tunaanza na njia kwa sababu fistula ya uzazi ni ugonjwa wa kuchelewa. Kichwa cha mtoto kikikaa siku mbili au tatu kimebana mahali pamoja, nyama laini iliyo kati yake na mfupa wa nyonga hukosa damu na kufa. Baada ya siku chache hubanduka, na pale ilipokuwa hubaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, mara nyingine hata upande wa haja kubwa. Mara nyingi mtoto naye amekwisha kufa. Mama huanza kuvuja mkojo usiku na mchana, bila kuhisi kwamba unakuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupatwa na hali hii kila mwaka duniani, na Umoja wa Mataifa umeitengea siku, tarehe 23 Mei, inayoadhimishwa tangu 2013.

Jina la nchi yetu, Kongo, likitajwa pamoja na fistula, wageni hufikiria bunduki. Ni kweli kwamba wanawake wetu wamechanwa na wanaume wenye silaha, na kazi ya Daktari Denis Mukwege katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanza 1999 na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imewafungua macho wengi. Lakini daktari huyo mwenyewe aliingia katika fani ya magonjwa ya wanawake kwa sababu ya akina mama aliowaona katika hospitali ya Lemera, waliofika wakiwa wameumizwa na uzazi. Hata leo, sehemu kubwa ya fistula za Kongo inatokana na uchungu uliorefuka mbali na chumba cha upasuaji. Ubundu haikuhitaji vita ili kuwa na wanawake hao. Msitu, umbali na uzembe vinatosha.

Tunataka kusema juu ya kile kinachofuata baada ya upasuaji, kwa sababu hapo ndipo wenye dhamana wanapoweka kalamu chini mapema mno.

Mama anashonwa. Tundu linaziba. Mpira wa mkojo unatolewa baada ya wiki moja au mbili, jina lake linaandikwa katika daftari kuwa amepona, naye anarudishwa kwenye njia ile ile ya kilomita 125. Halafu anakohoa, na nguo inalowa. Anainua ndoo, inalowa. Haelewi. Aliambiwa amepona. Wengi kati ya wanawake waliozibwa vizuri kabisa hubaki wakivuja kwa namna hii, kwa sababu uchungu ule haukutoboa kibofu tu, ulivunja pia nguvu ya misuli na mishipa ya fahamu inayokaza njia ya mkojo. Daktari wa upasuaji ametimiza kazi yake. Kilichobaki ni kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo katika zoni nyingi za afya hayupo hata kwenye orodha ya watumishi wanaohitajika.

Kuna pia miguu. Kichwa cha mtoto kikibana mishipa ya fahamu ndani ya nyonga, mama hushindwa kuinua unyayo, akatembea akiuburuta na kujikwaa kwenye kila mzizi. Wengine hulala miezi wamejikunja, wakiamini kwamba wakibana mapaja mkojo utaacha kutoka, hadi magoti na nyonga vinakakamaa na hawawezi tena kusimama wima. Hospitali ya fistula ya Addis Ababa, iliyoanzishwa na Catherine Hamlin na mumewe mwaka 1974, ilijifunza kwamba mwanamke wa aina hiyo hunyooshwa viungo kwanza, wiki baada ya wiki, kabla kisu hakijamgusa. Haifai kumshona mwanamke asiyeweza kutembea kwenda nyumbani kisha kuhesabu hayo kuwa mafanikio.

Tiba ya viungo ya nyonga, ambayo wasomi wetu huitaja kwa Kifaransa na kuiacha huko huko, si jambo la fumbo. Chini ya kibofu, kizazi na utumbo mpana kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi wa nyuma, imebeba vyote hivyo kama machela inavyombeba mgonjwa. Kamba za machela zikilegea, mgonjwa anazama katikati. Kamba hizi zina faida moja: ni nyama hai, na nyama hai ikifanyishwa kazi hupata nguvu. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948. Hayahitaji umeme.

Yanahitaji mwalimu, na hapa tuombe msomaji atulie kidogo. Mama amelala chali kwenye mkeka, magoti juu, mkono mmoja tumboni. Mtaalamu anamwambia akaze pale anapokaza mtu anayejizuia kutoa upepo mbele ya wakwe zake. Mama anacheka, kisha anakaza, lakini mkono wake unapanda: amekaza tumbo, hakukaza nyonga. Anarudia. Anabana makalio. Anarudia tena, anazuia pumzi. Mara ya saba au ya nane uso wake unatulia, mkono haujasogea, na yeye mwenyewe anasema, nimeipata. Anashikilia akihesabu hadi tano, analegeza akihesabu hadi tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Anafundishwa kukaza kabla ya kukohoa na kabla ya kuinua mzigo. Anaambiwa anywe maji, kwa kuwa wengi wao wameacha kunywa wakidhani watavuja kidogo, mkojo ukawa mkali na kuwaunguza ngozi. Zile mara saba za kukosea ndizo zinazomhitaji mtaalamu. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani haioni kwamba mama anabana makalio.

Wala tusimdanganye mtu. Mazoezi hayazibi fistula. Tundu changa na dogo laweza kujifunga likiwekewa mpira wa mkojo mapema na kuachwa kwa wiki kadhaa, na muuguzi wa kituo cha kijijini anapaswa kulijua hilo siku ile ile anapomwona mama anavuja. Lililokwisha komaa ni la kisu. Atakayetangaza kwamba mazoezi yanatosha anawaumiza wagonjwa sawasawa na yule anayetangaza kwamba kisu kinatosha.

Tena hatuwazungumzii wenye fistula peke yao. Mwanamke wa Ubundu hujifungua mara nyingi, na siku chache baadaye yuko tena na kikapu cha mihogo mgongoni, ukanda ukimkata kipaji, au bidoni ya mawese kichwani. Kizazi kinaanza kushuka. Anahisi kitu kimejaa chini, kama yai linalotaka kutoka, na jioni hawezi kukaa. Akimwambia mama mkwe, anajibiwa kwamba hata yeye anacho, ndio uzazi. Kizazi kilichoanza tu kushuka husaidiwa sana na mazoezi haya haya na kupumzishwa mizigo. Kilichoachwa miaka kumi hudai upasuaji, na upasuaji hudai tena ile njia.

Sasa wajibu ni wa nani? Katiba ya 2006, ibara ya 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya huduma za afya kwa umma. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa urekebishaji wa viungo mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, ulipitisha azimio la kuutaka urekebishaji huo uingizwe katika mifumo ya afya, kuanzia huduma za msingi. Serikali ilizindua uzazi wa bure mjini Kinshasa Septemba 2023. Nchi iliyoahidi kumpokea mama bila malipo imeahidi pia kumrudisha nyumbani akiwa mzima. Hatukubali kwamba ahadi hiyo inakoma kitanda kinapohitajika na mgonjwa mwingine.

Tunaujua udhuru utakaotolewa, kwamba fedha hakuna. Tunachokidai ni mkeka, pazia na mtu mmoja aliyefundishwa. Kuhusu nauli, ambayo ndiyo mzigo halisi, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilionyesha njia zaidi ya miaka kumi iliyopita: ilituma nauli kwa M-Pesa kwa mjumbe kijijini, mjumbe akampandisha mgonjwa basi, mgonjwa akafika. Mtandao wa simu haufiki kila kijiji cha njia ya reli, lakini unafika mahali ambapo reko, mjumbe wa afya wa kijiji, anaweza kutembea kwenda. Mpango kama huo utawafaa hata wanaotakiwa kurudi kukaguliwa baada ya miezi mitatu, ambao leo hawarudi, nasi tunawaita wakaidi.

Udhuru wa pili ni mzito zaidi, kwamba wataalamu hawapo. Kinesiterapia, yaani tiba ya viungo, hufundishwa zaidi Kinshasa, na anayehitimu Kinshasa mara nyingi hubaki Kinshasa. Basi wasisubiriwe. Mkunga aliyekwisha kuajiriwa Ubundu anaweza kufundishwa kupima nguvu ya misuli hii kwa kidole, kumwongoza mama katika mazoezi, kunyoosha mguu uliolegea na kumtambua wa kupelekwa mbele. Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba (ISTM) ya Kisangani na Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Kisangani vina wajibu wa kuandaa mafunzo hayo na kuyapeleka ng'ambo ya mto badala ya kungoja wakunga wavuke. Nayo yafanyike kwa lugha ambazo akina mama wanazisikia: Kiswahili, Lingala, na Kikumu, Kilengola au Kimituku inapobidi. Muuguzi anayesema "sehemu za siri" kisha akanyamaza hajafundisha kitu. Misuli iliyofichwa katika siri mgonjwa hawezi kuipata, na aibu ya mtumishi wa afya haina nafasi katika chumba ambamo mama amekwisha kuivua yake.

Wachungaji, mapadre na wenye vyumba vya maombi tunawaambia jambo moja. Mwanamke anayekaa benchi la nyuma karibu na mlango, kisha akaacha kabisa kuja, hajalaaniwa. Mkimweka miezi katika mfungo wakati kibofu chake kina tundu, mnaula muda wa tiba yake. Na mume aambiwe wazi, na mtu wa hospitali, si na mkewe: baada ya kushonwa ni miezi mitatu bila kukutana kimwili, ndoo na kuni abebe yeye, na mtoto ajaye azaliwe kwa upasuaji, mahali penye daktari. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee. Mwanamke huyu naye asingojewe aombe mwenyewe. Miaka ya kunuka mbele za watu imemfundisha kutoomba chochote.

Kwa hiyo tunawataka Gavana wa Tshopo, waziri wake wa afya na Divisheni ya Afya ya Jimbo waingize urekebishaji wa nyonga katika kazi za lazima za kila hospitali kuu ya zoni, si Ubundu peke yake. Daftari la fistula liongezwe safu mbili: je, mama ni mkavu baada ya miezi mitatu, na je, anatembea bila kuburuta mguu. Bila safu hizo neno "amepona" lisiandikwe. Administrateri wa teritori ahakikishe kwamba mgonjwa wa uzazi anapewa nafasi ya kwanza katika chombo chochote kinachopita kwenye reli, kiwe treni au kitoroli cha wafanyakazi. Na daktari mkuu wa kila zoni achague mkunga mmoja, ampeleke mafunzoni, ampe chumba chenye mlango unaofungwa, kisha aandike jina lake kwenye ubao wa nje, pamoja na siku zake za kazi, kwa herufi ambazo mama aliyetoka Biaro, kilomita ya 41 ya reli, kwa miguu, anaweza kusomewa akiwa bado amesimama getini.