Maji Kwenye Tangi la Upepo

Kuanzia Ipogolo, Iringa, hadi Mbalizi, Mbeya, kila yanapoegeshwa malori hukosi fundi tairi mwenye kompresa, na hukosi malalamiko kwamba mashine ya kufungulia nati ni feki. "Ilikuwa na nguvu ilipotoka dukani," atakwambia, huku ameikanyaga spana kwa miguu miwili ili nati ilegee.

Mimi nazitengeneza mashine hizo hapa Uyole, na nasema nyingi si feki. Zimekunywa maji.

Kompresa inavuta hewa hii hii tunayopumua, na kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya huku ni mvua na ukungu. Ikikandamizwa inapata moto. Ikipoa ndani ya tangi, unyevu wake unageuka maji na kutuama chini. Usipoyatoa, yanafuata upepo kwenye mpira hadi ndani ya mashine. Juzi nimefungua moja: vibapa vinavyosukumwa na upepo vimeng'ang'ania kwa kutu, oili imekuwa tope la rangi ya chai ya maziwa. Nikaviosha kwa mafuta ya taa, nikatia matone ya oili nyepesi. Ikanguruma.

Koki ya kumwagia maji iko chini ya tangi, na mafundi wanaijua. Dereva wa lori anayejiandaa kushuka mlima Kitonga humwaga maji ya matangi ya breki bila kukumbushwa, maana upepo ndio breki yake. Fundi wetu je? Wengi wanalipwa kwa tairi. Koki hailipwi, mashine ni ya bosi, na ikifa bosi atanunua nyingine ya Kichina huku akiwalaani Wachina.

Wengine wanakaza valvu ya usalama ili upepo upande. Huo ni wazimu. Mashine nyingi za nati zimeundwa kwa psi 90 hivi. Ukizidisha, kutu haitoki, ila tangi ambalo maji yamelila kwa ndani, usikoona, linaweza kupasuka na kuua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, lakini mkaguzi wa OSHA, wakala unaoisimamia, hawezi kulala gerejini kwako.

Mabosi wa Mafinga, Igawa na hapa Uyole, wekeni dakika kumi za jioni kwenye malipo ya fundi. Koki ifunguliwe, oili iingie, ndipo aende nyumbani.