Hesabu ya Watu na Kazi ya Mbunge

Ndugu mwandishi, nimeisoma kwa taadhima taarifa yako juu ya kazi za mbunge wetu kwa mwezi huu, wala sina nizaa na sifa ulizomtolea katika habari ya barabara na madaraja. Ila nastaajabu kwamba idadi ya watu, ambayo ndiyo asili ya haja zote hizo, umeipitia kwa sentensi moja tu. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120, ilhali ile ya 2012 ilitukuta 44,928,923. Na umma unaoongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka si wa kukadiriwa matumizi kwa takwimu za kale. Ingia darasa la kwanza katika shule nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam: kwenye dawati moja hubanana watoto wanne, watano, na mwalimu hana pa kupita. Bunge la Bajeti hukaa Dodoma tangu Aprili hata Juni, na hapo, si katika kukata utepe (ambao hata mgeni aweza kuukata), ndipo mbunge hupata wasaa wa kuihoji Serikali. Basi mwezi ujao, tafadhali, tuandikie maswali aliyouliza na majibu aliyopewa.