Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Tatu wa Uhandisi Kuhusu Somo la Uchakataji wa Ishara za Kidijitali

Mheshimiwa Mkuu wa Ndaki, Mkuu wa Idara, walimu wetu na mafundi wa maabara,

Muda ni mchache, kwa hiyo tuanze na mlio wa filimbi.

Muhula uliopita, usiku wa kuamkia jaribio la pili, mwenzetu mmoja aliandika programu ya mistari minne katika Octave. Aliiagiza kompyuta itoe mlio kama wa filimbi, unaopanda kutoka sufuri hadi hezi 8,000, sampuli zikichukuliwa mara 8,000 kwa sekunde. Mlio ukapanda, ukapanda, ukafika katikati, kisha ukaanza kushuka hadi ukazama kabisa. Chumba kizima tuliduwaa. Wa kwanza alisema spika imeharibika, wa pili akasema programu ina kosa. Tukairudia mara tano. Kosa halikuwepo. Kila wimbi lililovuka hezi 4,000 lilirudi limevaa sura ya jingine: la 5,000 likasikika kama la 3,000, la 7,000 kama la 1,000. Ndiyo ile kanuni ya Nyquist na Shannon, ambayo Shannon aliithibitisha katika makala yake ya mwaka 1949, na ambayo sisi tuliijibu katika jaribio la kwanza, wengi wetu tukapata alama zote. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa inasikika.

Malalamiko yetu yote yamo humo. Tunasoma somo la sauti, la picha, la mapigo ya moyo, na muhula unakwisha hatujasikia kitu wala kuona kitu zaidi ya ubao.

Ratiba inasema saa mbili za maabara kila wiki. Tuliingia mara tatu. Bodi za kufanyia kazi zipo sita, na mbili kati yake waya wa kuziunganisha na kompyuta haujulikani ulipo. Tunakaa kundi la watu kumi na wawili kwa bodi moja: mmoja anabonyeza, wawili wanachungulia mabegani mwake, waliobaki wanasubiri picha ya matokeo irushwe kwenye kundi la WhatsApp. Hapo nasi tukiri kosa letu. Ripoti mlizosahihisha zilikuwa moja iliyobadilishwa majina, na aliyeiandika naye aliitoa kwa kaka zake wa mwaka uliotangulia. Hatusemi hayo kujitetea. Tunasema kwa sababu ripoti zile ndizo zinazoonyesha kwenye makabrasha kwamba maabara ilifanyika.

Madhara yake tuliyaona kwenye mafunzo kwa vitendo. Mmoja wetu alipangiwa karakana ya vifaa tiba katika hospitali moja. Fundi akamwonyesha karatasi ya mapigo ya moyo iliyochorwa kwa mstari mnene unaotetemeka, umeme wa ukutani wa hezi 50 umejipenyeza kwenye nyaya za mgonjwa. Akamuuliza kwa upole, “Mwanangu, ninyi mnaosoma haya mambo, hii mnaitoaje?” Mwenzetu alinyamaza. Wiki tatu kabla ya hapo, kwenye mtihani, alikuwa ameweka sufuri mbili juu ya duara la kizio, kwenye nyuzi 36 na hasi 36, akaandika mlinganyo wa kichujio bila kukosea hata alama ya kutoa. Kwa kifaa kinachochukua sampuli 500 kwa sekunde, nyuzi 36 ndiyo hezi 50. Jibu la yule fundi alikuwa nalo mkononi, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa lile duara ni dawa ya kitu fulani.

Kuhusu mtihani wenyewe. Kila mwaka linakuja swali la kukokotoa kwa mkono mageuzi ya haraka ya Fourier ya namba nane, na kila mwaka tunakariri mchoro wake kutoka mitihani iliyopita, kwa kuwa anayelikosa anaingia kwenye sapu. Hatupingi kukokotoa kwa mkono. Tunachosema ni kwamba kwa namba nane mkono hauoni faida: njia ndefu ina kuzidisha mara 64, njia ya haraka mara 12, na mwanafunzi aliyechoka anaona yote ni mateso mamoja. Zikiwa namba 1,024, njia ndefu inadai kuzidisha mara 1,048,576, na njia waliyoichapisha Cooley na Tukey mwaka 1965 inadai mara 5,120 tu. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini king'amuzi cha nyumbani kinaweza kufanya kazi hiyo papo hapo huku bibi akiangalia taarifa ya habari. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wetu tukiwa shule ya msingi, na tangu hapo hesabu hii imo sebuleni mwetu. Tunaomba nusu ya alama za somo zitokane na kazi inayofanya kitu: kusafisha sauti, kutambua mlio, kupima mapigo. Kila mmoja aitetee kazi yake kwa mdomo mbele ya mwalimu. Hapo kunakiliana kutakwisha kwenyewe.

Programu ya MATLAB tunayotakiwa kuitumia haina leseni kwenye kompyuta zetu. Tunaipata kwa njia ambazo walimu wanazijua na hawaziulizi, kwenye flashi inayozunguka bweni zima ikiwa na virusi vyake. Octave na Python hazilipiwi hata senti. Tunaomba idara izitambue kwa maandishi, kwa sababu yupo aliyekatwa alama kwa kuwasilisha kazi iliyoandikwa kwa Python. Na kwa kuwa bumu halimtoshi kila mtu kununua kompyuta, maabara ifunguliwe hadi saa nne usiku. Ulinzi tutasaidia kwa zamu.

Hesabu za Fourier tulizisoma mwaka wa pili kwa mwalimu ambaye hakutaja ishara hata mara moja, na namba changamano tulizisoma mapema zaidi kama adhabu. Wiki moja ya marudio mwanzoni mwa muhula inatosha kuziunganisha na somo hili.

Lipo la mwisho, na tunalisema kwa adabu. Siku ile mwalimu wetu alipochoka kutuona tumekodoa macho, akaacha Kiingereza na kusema, “Jamani, kichujio hiki ni kifumbu. Tui linapita, chicha inabaki. Mawimbi ya polepole ndiyo tui,” darasa zima lilicheka na darasa zima likaelewa. Kisha akaomba radhi, akarudi kwenye slaidi. Mheshimiwa, hatuombi mtihani ubadilishwe lugha. Tunaomba mwalimu asilazimike kuomba radhi. Tena, kazi za muhula zichukue sauti zetu wenyewe: irabu tano za Kiswahili zinatosha kumfundisha mtu kutazama masafa, na kinywa cha kuzitoa kila mmoja wetu anacho.

Haya mengine yanahitaji bajeti na tunajua vikao vyake. Mawili hayahitaji: barua ya kuzitambua Octave na Python, na ufunguo wa maabara. Hayo tunaomba tujibiwe kabla ya wiki ya nne, maana wiki ya tano ndipo tunapogawiwa kazi za muhula. Nyaya mbili zilizopotea tumekwisha kuulizia bei, na tuko tayari kuzichangia.

Tunaomba kuwasilisha.