Daraja Nalo Laweza Kuwa Ibada



Ndugu Waislamu, yapo maneno yanayorudiwa katika baadhi ya baraza za misikiti yetu, kwamba kijana anayekwenda kusomea uhandisi ameikimbilia dunia na kuipa Akhera kisogo. Napenda kuyajibu kwa kumtaja Profesa Jamilur Reza Choudhury wa Bangladesh, aliyefariki dunia tarehe 28 Aprili 2020, katika siku za mwanzo za Ramadhani.

Alizaliwa mwaka 1943 huko Sylhet. Mwaka 1963 alihitimu uhandisi wa ujenzi mjini Dhaka, akaendelea na masomo Southampton, Uingereza, hadi shahada ya uzamivu, kisha akarejea kufundisha pale pale alipohitimu. Chuo hicho kilianza mwaka 1876 kikiwa shule ya wapima ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilipanuliwa kwa fedha za familia ya Nawabu Ahsanullah, tajiri Mwislamu wa mji huo, kikapewa jina lake. Leo ni chuo kikuu cha uhandisi chenye sifa kubwa nchini humo. Nawabu mwenyewe alikwishafariki tangu mwaka 1901, na matunda bado yanachumwa.

Bangladesh imekatwa vipande na mito mipana inayohamahama kila msimu wa mafuriko. Profesa aliongoza jopo la wataalamu wa daraja la mto Jamuna, lililofunguliwa mwaka 1998: kilomita 4.8, lililojengwa ili kupitisha magari, treni, umeme na gesi. Mto ulilazimika kwanza kuongozwa kwa kingo za mawe ili usilikimbie daraja. Ikafuata Padma. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilifuta mkopo wa dola bilioni 1.2 kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2017 mahakama ya Kanada iliwaachia huru watu walioshitakiwa huko. Serikali iliamua kujenga kwa fedha zake, naye akaendelea kuongoza jopo la wataalamu. Daraja hilo la kilomita 6.15 lilifunguliwa Juni 2022. Hakujaaliwa kuliona likifunguliwa.

Nguzo hizo zina maana gani kwa mwenye kuswali? Agosti 2014 feri Pinak-6 ilizama katika mto huo huo wa Padma ikiwa imejaa abiria. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa zaidi, baada ya MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011 na MV Nyerere 2018. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni sehemu ya imani. Iwapo mwiba umehesabiwa, je, kivuko kinachoua?

Mwaka 1996 aliitwa kuwa mshauri katika serikali ya mpito iliyosimamia uchaguzi. Kazi ilipokwisha alirudi darasani. (Wangapi kwetu hurudi?)

Kamati zetu hukusanya fedha za minara na mazulia, nazo ni heri. Lakini vijana wa misikiti hiyo hiyo wanaofaulu hisabati hukwama kwa ada. Napendekeza kila kamati itenge fungu moja la makusanyo yake ya Ijumaa kwa ajili yao, mabinti wakiwemo, na hesabu zisomwe hadharani baada ya swala.