Gemu za Kustrimu: Konsoli Hununui, Lakini Goli Utafungwa

Wasee, hizi stori za kupiga gemu kali kwa simu bila PS5 zinabamba. Seva iko mbali inachezesha gemu, wewe unatumiwa video tu. Lakini kabla ulipe doo ya kila mwezi, uliza kitu moja: seva iko wapi?

Tuseme seva iko Johannesburg. Nairobi hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,900. Ndani ya faiba, mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 29, na hapo ni kama waya umenyooka, kitu haiko. Gemu ya fremu 60 hubadilisha picha kila milisekunde 17 hivi. Ukibonyeza keepa aruke, mpira ushaingia.

Usidanganywe na wifi ya Mbps 100. Inabeba mzigo mkubwa, lakini haifupishi barabara.

Data nayo? Video ya Mbps 10 inakula GB 4.5 kwa saa. Na Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, net ya Kenya ilitambaa kama konokono.

Hata Google na pesa zao walizima Stadia Januari 2023, wachezaji hawakutosha.

Gemu za polepole, kama za kupanga kadi, strimu bila presha. Lakini mechi ya kubet na mabeste? Hadi seva zije hapa Nairobi, PS ya mtaa bado ndio mwamba.