UMRI WA MTOTO NI AMANA



Ndugu wasomaji, kila michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA inapokaribia, hapa Mukendo watoto wetu husikia maneno mawili yanayowakata maini. Mmoja huambiwa, "Wewe umri umepita." Mwingine huambiwa, "Wewe bado mdogo, subiri." Wote wawili hurudi nyumbani kichwa chini, na sisi wazazi, walezi na walimu hatuna jibu la kuwapa. Tumeona vema tulizungumze jambo hili katika jarida letu.

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe. Mashindano ya vijana chini ya miaka 17 hayahesabu umri wa mtoto siku ya mechi. Huwekwa tarehe moja ya ukomo, mara nyingi Januari 1 ya mwaka fulani. Aliyezaliwa siku hiyo au baada yake anaingia, aliyezaliwa jana yake anatoka. Vilevile aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo wanahesabiwa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake karibu miezi 12. Kwa mtu mzima hicho ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka 10 ni sehemu ya kumi ya maisha yake, na utaiona kwenye kimo, mbio na nguvu ya shuti.

Aprili 2018, katika mashindano ya CECAFA ya vijana kule Burundi, ndugu zetu wa Zanzibar waliondolewa baada ya wachezaji 12 kukutwa wamezaliwa kabla ya Januari 1, 2002. Sasa tupige hesabu. Mtoto aliyezaliwa Novemba 2001 alikuwa na miaka 16 Aprili ile. Mama yake akisema mwanangu hajafika 17, amesema kweli. Lakini kwa ukomo ule, ambao ndio uliotumika pia katika fainali za Afrika za 2019, amekwisha pita. Kwa hiyo haitoshi kujua miaka ya mtoto, lazima tusome na tarehe. Mtu mzima asipoisoma, anayerudishwa nyumbani ni mtoto.

Na tarehe hiyo si sheria ya maumbile. Ubelgiji mwaka 1997 waliihamisha kutoka Agosti 1 kwenda Januari 1. Watafiti walipolinganisha misimu miwili, waliona kuwa waliozaliwa Agosti hadi Oktoba, waliokuwa wakipendelewa kuchaguliwa, walipoteza nafasi hiyo, na waliozaliwa Januari hadi Machi wakaichukua. Watoto hawakubadilika vipaji kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kalenda. Marekani nao walihamia Januari 1 kufikia 2017, kisha vyama vikubwa vya soka ya vijana vikatangaza kurudi Agosti 1 kuanzia msimu wa 2026/27. Kila wanapohamisha, wapo watoto wanaotenganishwa na wenzao waliokua nao timu moja.

Mstari huo hauepukiki, popote utakapowekwa utamkata mtu. Kinachoepukika ni dhulma, na dhulma kubwa ni vijeba. Taifa letu limeionja pande zote mbili. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za Gambia, wakaondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikaenda mahali petu. Wachezaji wengine wa kikosi kile, waliocheza kwa haki, walibaki nyumbani kwa kosa lisilo lao. Mwaka 2017 ikawa kinyume chake. Congo Brazzaville waliotutoa uwanjani waliondolewa kwa sababu mchezaji wao aliyelalamikiwa hakutokea kupimwa MRI ya kifundo cha mkono, na vijana wetu wakaenda Gabon. Kipimo hicho FIFA walianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria. Basi anayedhani cheti cha kuchonga kitamvusha, ajue kuwa mfupa nao hutoa ushahidi.

Turudi majumbani kwetu. Wengi wetu hukumbuka kuzaliwa kwa mtoto kwa kusema, "Alizaliwa mwezi wa Ramadhani." Ni kumbukumbu nzuri, lakini mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Ramadhani ya 2013 iliangukia Julai na mwanzo wa Agosti, ya 2025 ikawa Machi. Anayekisia kwa Ramadhani ya leo atakosea miezi minne na zaidi, na miezi hiyo yatosha kumvusha mtoto mstari au kumwangusha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni kiasi cha mtoto mmoja tu kati ya wanne walio chini ya miaka mitano aliyekuwa amesajiliwa kuzaliwa. Watoto wa umri ule ndio wanafunzi wetu wa leo.

Kwa hiyo tunasema haya.

Wazazi, mtafutieni mtoto cheti cha kuzaliwa mapema, chenye tarehe ya kweli, wala msingoje siku ya mashindano. Ukipunguza miaka ya mwanao unamnyang'anya mtoto wa jirani nafasi yake, na unamfundisha wako kuanza maisha kwa uongo.

Walimu na makocha, msichague kwa kimo peke yake. Kabla ya kumwacha mtoto, angalieni mwezi aliozaliwa. Yule mdogo wa Novemba mpeni dakika za kucheza, kwa maana mwili utamfikia, lakini moyo ukishavunjika harudi tena uwanjani.

Nanyi wanafunzi, aliyeambiwa "bado mdogo" asiache mazoezi wala masomo. Aliyeambiwa "umri umepita" asikubali kuchongewa mwaka mwingine. Biashara United walicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2018/19 hadi 2021/22 na uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Karume, hapahapa Musoma. Timu ya wakubwa haiulizi umezaliwa mwezi gani.

Umri ni amana. Tuuandike kama ulivyo.

Wabillahi tawfiiq.